Nyuzi mlizoniagiza, na kwa nini za Baba ni nyembamba

  

Najua nimekuwa kimya hapa kibarazani. Zamu za usiku zilifuatana nne, siku ya tano mtu unalala kama gogo, siku ya sita unafua, basi wiki imekwisha. Leo niko mapumziko. Maharage yako jikoni, na jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa Kihindi (nusu ya mtaa wetu hapa Westmead ni Wahindi, na mimi sina malalamiko, chapati tunabadilishana), ameanza kukaanga vitunguu tangu asubuhi mpaka nasikia njaa bila sababu. Ngoja niwajibu wote kwa mpigo mmoja.

Maana kuna mtu ametangaza huko Morogoro kwamba mimi sasa ni wakala wa nyuzi za gitaa. Maagizo yamefika manne. Mtoto wa kaka pale Kihonda anataka za gitaa la umeme. Mwalimu wa kwaya anataka "zozote za gitaa kavu ila zisiote kutu". Shemeji wa Tabata ana gitaa la nyuzi za nailoni, anataka za chuma ili lilie zaidi. Na Kaka mkubwa amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, nikausikiliza kwenye treni mara mbili, kwamba nimtumie Baba namba 13, zile nene kabisa, "Mzee arudi kwenye makali yake".

Nyuzi zote nimeshanunua. Ila za Baba nimechukua namba 10. Najua kuna mtu atanuna, na kuna atakayesema shangazi amebania hela. Jamani, nyembamba na nene zinauzwa bei moja! Naomba mnisome kwanza, simu baadaye.

Tuanze na hizo namba, maana naona kila mtu anazitaja tu. Mpiga gitaa akisema "namba 12" anataja unene wa uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, kwa kipimo cha inchi iliyogawanywa vipande elfu. Namba 12 ni vipande 12 katika hivyo elfu, kama milimita 0.3. Kwenye pakiti huandikwa namba mbili, mfano 12-53, uzi wa kwanza 12 na wa sita 53. Namba ikipanda, uzi unanenepa.

Kazini kwangu ni kinyume kabisa, ndiyo maana huwa nacheka peke yangu dukani. Sindano ikiwa namba 24 ni ile nyembamba ya mtoto mchanga, na ikiwa namba 14 huo ni mfereji, ya mgonjwa wa ajali anayetaka damu haraka. Mimi niko kitengo cha kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo. Mgonjwa ambaye mshipa wake wa mkononi umeunganishwa karibuni, tunaanza naye na sindano namba 17. Mshipa ukikomaa tunakwenda 16, halafu 15. Hakuna nesi mwenye akili timamu atakayemchoma mshipa mchanga na sindano nene ili aonyeshe ubavu. Unaangalia kwanza mshipa unabeba nini. Kwa wapenda vipimo, uzi wa sita wa 53 una milimita 1.35, haupishani sana na hiyo sindano namba 17. Na uzi wa kwanza wa namba 10 una robo milimita, karibu sawa na sindano ya insulini anayojichoma Baba kila siku.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye mambo. Uzi ukiwa mnene, ili utoe sauti ile ile inabidi uvutwe kwa nguvu zaidi, na hiyo nguvu inaongezeka kwa mraba wa unene. Uzi wa kwanza wa namba 12 ukikazwa sawasawa kwenye gitaa la kawaida unavuta kama kilo 10 na nusu. Wa namba 10 unavuta kilo 7 na kidogo. Tofauti ya unene ni vipande viwili tu katika elfu, hata jicho halioni, lakini mvuto umeshuka karibu theluthi. Ukijumlisha nyuzi zote sita, seti ya 12-53 ya gitaa kavu inavuta kama kilo 73. Seti ya 10-47 inashuka mpaka karibu kilo 60. Namba 13 inapita hizo zote. Kilo hizo zinavutana usiku na mchana, gitaa likipigwa lisipigwe, na zote zinaishia kwenye kile kibao kilichogandishwa kwa gundi pale mbele tunachokiita daraja.

Mnalijua gitaa la Baba. Ni gitaa kavu la nyuzi za chuma, la zamani kuliko mimi, wazee wa Morogoro huliita galatoni kama walivyoita magitaa makavu yote. (Gallotone ilikuwa chapa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, na John Lennon wa Beatles alianzia na gitaa la chapa hiyo hiyo miaka ya 1950, kwa hiyo mkimwona Mzee nalo mpeni heshima yake.) Shingo yake haina ile fimbo ya chuma ndani ambayo magitaa ya siku hizi yanayo, unayoizungusha kwa ufunguo mdogo kunyoosha shingo. Shingo ni mbao tupu. Na mara ya mwisho nilipokuja likizo nilipitisha kadi ya vocha chini ya daraja, upande wa nyuma, ikaingia kama inaingia kwenye mfuko. Maana yake gundi imeanza kuachia. Mkifunga namba 13 hapo, siku moja daraja litaruka na kumpiga mtu usoni, halafu mtanipigia nesi.

Hilo la gitaa peke yake lingetosha. Lakini nisijifiche nyuma ya gitaa.

Tangu Baba apate kiharusi mkono wake wa kushoto haujarudi vizuri. Kidole cha shahada na cha kati vinafanya kazi, cha pete kinasuasua, kidogo kimekaa tu. Nguvu ya kubana ndiyo imepungua. Na mpiga gitaa wa mkono wa kulia, kama mnavyojua, anabana nyuzi kwa mkono huo huo wa kushoto. Mama aliniambia mwezi wa saba kwamba Baba alilichukua gitaa, akajaribu kodi moja (kodi za gitaa, siyo zile za TRA), zikatoka sauti za kufa kufa, akalirudisha ukutani na kusema mpeni mwalimu wa kwaya. Hakulia, hakufoka. Alisema tu mpeni mwalimu wa kwaya. Mama ndiye aliyelia, jikoni.

Kaka anaamini kwamba uzi mnene utamfanyisha mazoezi, kama mtu anayebeba vyuma. Nakuelewa Kaka, kweli kabisa, na najua unavyompenda, wewe ndiye unayempeleka kliniki mimi niko huku natuma emoji. Lakini mkono uliopigwa na kiharusi hauzoezwi kwa kushindwa. Unazoezwa kwa kitendo kidogo kinachowezekana, kirudiwe mara nyingi, kesho tena, keshokutwa tena. Mtu akibana uzi mara ishirini na mara zote ishirini unatoa sauti ya kufa, ya ishirini na moja hatabana. Sisemi kwamba nyuzi zinatibu kiharusi, asije mtu akanitangaza hivyo. Nasema mazoezi anayoyapenda mtu ndiyo anayoyafanya bila kusukumwa, na Baba hajawahi kupenda ule mpira wa kuminya. Umetupwa chini ya kitanda, nimeuona kwenye video.

Tena msidhani nyuzi nyembamba ni za watoto au za wanawake (mimi mwenyewe napiga 11-52, na nina shoga yangu hapa Sydney anapiga 13 kama hana akili). Django Reinhardt, yule Mromani aliyepiga gitaa Ufaransa, aliungua mkono wa kushoto moto ulipowaka kwenye gari lake la kuishi mwaka 1928. Vidole viwili, cha pete na kidogo, havikurudi. Solo zote zile mnazozisikia alizipiga kwa vidole viwili, na nyuzi alizopenda zilikuwa zile za Argentine, nyepesi, namba 10 au 11. Halafu kuna Tony Iommi wa Black Sabbath, kijana wa Birmingham, mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili mwaka 1965 akiwa na miaka 17. Yeye anapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole vilivyokatwa ndivyo vya kubania. Bosi wake wa kiwandani alimpelekea sahani ya Django aisikilize. Akajitengenezea kofia za plastiki za vidole, na kwa kuwa nyuzi laini zilikuwa hazipatikani madukani akachukua za banjo. Baadaye akazilegeza zaidi, akashusha sauti ya gitaa zima. Ule muziki wao mzito wa kutisha ambao Kaka mlikuwa mnausikiliza kwa siri pale Mzumbe, umepigwa kwa nyuzi nyembamba zilizolegezwa kwa sababu mkono uliumia!

Sasa kulegeza. Hii ndiyo dawa ya pili na haina gharama. Ukishusha nyuzi zote nusu hatua, yaani kama umbali wa freti moja, mvuto unapungua kama asilimia 11. Ukishusha hatua nzima, freti mbili, unapungua kama asilimia 20. Na mwalimu wa kwaya asiseme Baba atatoka kwenye ufunguo wa nyimbo. Unafunga kapo kwenye freti ya pili, sauti inarudi pale pale ilipokuwa, na uzi unabaki na ulaini wake. Kapo nimeweka kwenye bahasha ya Baba, ile nyeusi yenye springi. Springi yake ni ngumu, afungiwe na mtu mwingine.

Nilifikiria pia aina nyingine ya nyuzi, zile zenye hariri ndani. Nyuzi za chini zina kiini cha chuma kilichochanganywa na hariri, mvuto wake mdogo, mkononi ni kama kushika uzi wa kushonea. Ni tamu sana kwa mtu anayepiga peke yake sebuleni usiku. Lakini sauti yake ni ya upole, kwaya ikianza hazisikiki, na zinachakaa upesi. Baba akishajua hasikiki ataliweka chini tena. Nikaziacha dukani.

Za shaba basi. Hapa kuna aina mbili mtakazoziona kwenye pakiti. Ya kwanza ni ile ya asilimia 80 shaba na 20 zinki, ina sauti kali ya kung'aa, inapendeza ikiwa mpya, baada ya wiki chache inazima. Ya pili ina shaba na bati kidogo na fosforasi kidogo sana, kampuni ya D'Addario ndiyo iliyoileta sokoni mwaka 1974. Sauti yake ina joto zaidi na inakaa muda mrefu. Ya Baba ni hiyo ya pili. Uzi mwembamba huwa unapoteza ule uzito wa chini, hilo Kaka una haki ya kulisema, na ndiyo maana nimechagua aina yenye joto ili kurudisha kidogo kilichopotea. Kitapotea kidogo, sikatai.

Kwani wazee wenyewe walikuwa wanachagua? Baba alivyokuwa akisimulia, enzi zao ulifunga ulichopata. Uzi ukikatika mjini hakuna mwingine, mtu anachambua waya wa breki ya baiskeli, anapata nyuzi mbili tatu, dansi linaendelea. Na huo ni mji uliokuwa na Morogoro Jazz na Cuban Marimba kwa wakati mmoja, mji wa Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe. Kila mzee wa Morogoro anasema aliwahi kumbebea Mbaraka gitaa. Kama ni kweli, gitaa lile lilibebwa na watu elfu mbili. Baba peke yake hasemi hivyo. Anasema alisimama nje ya ukumbi akasikiliza, na kwamba Mbaraka alikuwa anagusa, hakuwa anakandamiza. Neno hilo, kugusa, nimelisikia nyumbani tangu utotoni, na wewe Kaka ulilisikia pia.

Haya, wengine sasa, haraka haraka.

Mtoto wa kaka, nimekuwekea pakiti mbili, 9-42 na 10-46, za chuma kilichopakwa nikeli. Zile za shaba usiziweke kwenye gitaa la umeme hata kama ni za bure. Pikapu (siyo ile ya kubebea mkaa) ni sumaku, inasikia chuma tu, shaba haiisikii, kwa hiyo nyuzi za chini zitatoka hafifu na zile mbili za juu zitapiga kelele. Nailoni ndiyo haisikii kabisa. Seti ya 9-42 inavuta kama kilo 38, ya 10-46 kama kilo 47. Kwa solo za kuvuta uzi anza na 9, ukiona unazipiga mpaka zinapoteza tyuni wewe una mkono mzito, hamia 10. Na uzi wa tatu kwenye seti hizi ni mtupu, haujasokotwa waya juu yake, ndiyo maana unavutika. Ukitaka ule mlio wa kengele wa Wakongo, usitafute amplifaya mpya, baba yako hana hela hiyo. Toa uzi wa nne, weka mwembamba kama wa kwanza, uukaze mpaka utoe sauti ile ile okteva moja juu. Wenyewe wanaliita gitaa la mi-composé. Nimekuongezea nyuzi tatu za namba 10 za kuchezea, na zikikatika usinipigie, utakuwa umekaza kupita.

Shemeji, wewe nimekununulia za nailoni na hutapata za chuma kutoka kwangu. Gitaa lako limejengwa kubeba kama kilo 40, mbao zake za mbele ni nyembamba na daraja halina vigingi. Ukilibebesha kilo 73 litatoa sauti kubwa kweli, kwa muda wa mwezi mmoja, halafu litapinda kama mgongo wa ngamia. Na usizidharau nailoni, zina historia ya kwetu sisi watu wa hospitali. Zamani magitaa ya aina yako yalifungwa nyuzi za utumbo wa wanyama. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto utumbo ukatakiwa kushonea majeruhi, wapiga gitaa wakakosa. Hapo ndipo fundi mmoja wa New York, Albert Augustine, alipozitengeneza kwa nailoni, na Andrés Segovia, aliyekuwa bingwa wa gitaa hilo duniani, akazikubali katika miaka hiyo ya 1940. Wewe na Segovia, uzi mmoja! Unataka nini tena?

Mwalimu wa kwaya, zako ni Elixir, 12-53, kwa sababu gitaa la kanisa ni jipya, lina fimbo ya shingo na linapigwa kwa plektra mbele ya watu mia. Ni ghali karibu mara mbili ya za kawaida, lakini zimefunikwa utando mwembamba sana unaozuia jasho na vumbi, na nawajua vijana wako wanavyotoa jasho. Kinachonifurahisha ni kwamba watengenezaji, W. L. Gore, ndio hao hao wanaotengeneza kitambaa cha makoti ya mvua cha Gore-Tex, na pia mishipa ya damu ya bandia, ile tunayokutana nayo kitengo chetu kwa wagonjwa ambao mishipa yao wenyewe haifai. Mchana nachoma mshipa wa Gore, jioni napiga uzi wa Gore. Mwambie anayepiga anawe mikono kabla, akimaliza afute kila uzi kwa kipande cha kanga kuukuu. Wapige kanisani tu, siyo na ile bendi ya harusi ninayoijua.

Mimi mwenyewe nina Maton niliyoinunua kwa mkono wa pili kutoka kwa kijana wa kubeba wagonjwa aliyekuwa anahamia Perth. Ni magitaa ya hapa hapa Australia, Bill May aliyaanzisha Melbourne mwaka 1946. Nimeifunga 11-52, katikati. Namba 12 zilinipa sauti zaidi lakini kazi yetu ni ya kusugua mikono kwa spiriti mara mia kwa zamu, ngozi inakauka, sugu za vidole zinapasuka, na kidole kilichopasuka hakitakiwi karibu na mgonjwa. Kwa hiyo nami nimechagua kwa mkono wangu, siyo kwa sifa. Napiga nikirudi zamu ya jioni, taratibu, kwa vidole bila plektra, kwa sababu kuta za nyumba hizi ni kama karatasi. Najifunza ule mtindo wa Mwenda Jean Bosco, wa dole gumba na kidole kimoja. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na mpaka leo ukimsikia unadhani wako watu wawili. Nyimbo mbili za Kiswahili nimezipata. Jirani anagonga ukutani, mwanzoni nilidhani amekasirika, kumbe anapiga makofi.

Sasa maelekezo ya Baba, Kaka haya ni yako.

Usizitoe nyuzi zote sita kwa pamoja, gitaa la zamani likiachiwa ghafla linashtuka. Toa mmoja, funga mmoja. Kaza mpaka hatua nzima chini ya kawaida na uishie hapo. Ukimaliza pitisha tena kadi ya vocha chini ya daraja, na uweke alama ya penseli ilipofika. Wiki mbili baadaye pitisha tena. Ikizama zaidi, legeza nyuzi zote, mpeleke fundi yule wa samani pale Sabasaba aligandishe, na mwambie atumie gundi ya mbao, asipige msumari! Nasema kwa sababu namjua.

Ncha za nyuzi kata fupi kabisa kwenye vigingi. Zinachoma kama sindano zangu, na Baba kwenye vile vidole hasikii vizuri. Hili ni la muhimu kuliko yote niliyoandika leo. Ana sukari, na ana ganzi upande huo. Anaweza kujikata asijue, na kidonda cha mtu wa sukari mnajua kinavyokwenda. Aanze dakika tano, asizidi kumi, kisha Mama amkague ncha za vidole mbele ya dirisha, akiona wekundu usioondoka au ngozi imefunguka, gitaa linapumzika mpaka ngozi ifunge. Vipande vya nyuzi kuukuu visitupwe uani, kuna watoto pekupeku. Tia kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko.

Na asianze na kodi nzima. Kuna kodi za nyuzi mbili tatu za juu ambazo vidole viwili vinatosha, nimezichora kwenye karatasi kwa herufi kubwa, imo ndani ya bahasha. Asipoitaka karatasi msimlazimishe, anajua gitaa kuliko mimi.

Kaka, kama baada ya miezi mitatu mkono umepata nguvu na daraja limetulia, mimi mwenyewe nitatuma 11. Namba 13 kwa gitaa lile haitafika kutoka kwangu, hata mkono ukirudi wote. Na kama bado umenuna, nipigie, tutagombana kama zamani halafu utaniambia bei ya mchele.

Mzigo anakuja nao binti wa Kitanzania anayesoma hapa, anafika Dar wiki ya pili ya Desemba, atauacha kwa shemeji Tabata. Shemeji usifungue za wenzako. Bahasha ya bluu ni ya Kihonda, nyeupe ni ya kwaya, ya kaki ni yako, na ile yenye kitambaa cha kitenge ni ya Baba. Mkimfungia nyuzi nataka video, siyo picha. Desemba saa kumi jioni ya kwenu ni saa sita usiku kwangu, zamu ya jioni nakuwa nimesharudi, nitakuwa macho. Msimwambie kwamba nasubiri.